Linki imeingia kwenye simu: dalili, chanzo, na la kufanya kabla hujabonyeza

Yaliyomo humu yametokana na malalamiko yaleyale yanayojirudia kwa mafundi simu, kwa mawakala na kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mwanza, iwe Igoma, Kirumba au ng'ambo ya maji kule Ukerewe. Nimeyapanga kwa dalili, kwa maneno ambayo watu wenyewe huyasema. Tafuta inayofanana na yako. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia na cha nadra kimekuja nyuma; na katika hatua, anza na ile isiyokula hata bando. Kama umeshabonyeza na umeshaandika namba ya siri, usisome kwa mpangilio. Shuka hadi "Nimeshabonyeza" sasa hivi.

"Kanitumia mtu ninayemfahamu"

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na inawaumiza zaidi watu wazima, maana wao wamezoea kwamba neno la ndugu halihitaji kuchunguzwa.

Chanzo cha kwanza ni kwamba aliyekutumia naye katumiwa. Kurasa za "zawadi ya bando" au "mtaji kwa wajasiriamali" huweka sharti: itume kwanza kwenye magrupu kadhaa ndipo fomu ifunguke. Shangazi yako hajakutapeli, ametumika kusambaza. Sharti hilo peke yake linatosha kuifuta linki bila kuendelea kuichunguza, kwa sababu hakuna taasisi ya kweli inayogawa fedha kwa kuhesabu umeisambaza kwa watu wangapi.

Chanzo cha pili: akaunti yake imeibwa na anayeandika si yeye. Angalia salamu. Kijana ambaye siku zote anaanza na "shikamoo mama" ghafla anaandika "habari, naomba nipigie kura kwenye linki hii". Mpigie simu ya kawaida umsikie sauti. Usimuulize kwa meseji ndani ya WhatsApp hiyohiyo, kwani atakayejibu "ndiyo, ni mimi" ni mwizi.

Cha tatu hutokea kwa meseji za kawaida: mtumaji anaonekana kwa jina la benki au kampuni ya simu badala ya namba. Jina la mtumaji linaweza kuigwa, na likiigwa sawasawa, simu huiweka meseji hiyo kwenye mfululizo mmoja na meseji halali za zamani. Kwa hiyo kukaa pamoja na meseji za kweli si ushahidi.

Na picha inayotokea chini ya linki, yenye nembo nzuri na kichwa cha habari, isikushawishi. Hiyo huandaliwa na mwenye tovuti mwenyewe, naye huweka anachotaka.

"Anwani ina jina la serikali, lakini moyo unasita"

Hapa nitakaa kidogo. Mtu akijifunza kusoma anwani tu, sehemu kubwa ya mitego haimpati tena.

Kwanza ipate anwani bila kuifungua. Kwenye simu, weka kidole juu ya linki ukishikilie hapohapo bila kuachia. Itatokea menyu yenye anwani nzima au chaguo la kuinakili. Ukiinakili, ibandike kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu, isiyofungua kitu. Kwenye kompyuta, sogeza kishale juu ya linki bila kubofya, anwani itaonekana chini ya dirisha. Jambo hili ni la lazima, kwa kuwa maneno unayoyaona kwenye ukurasa au barua pepe yanaweza kusema kitu kimoja na linki iliyo chini yake ikakupeleka kwingine.

Sasa isome. Mifano ifuatayo nimeibuni, nikaimalizia na .mfano ili isifunguke kokote:

https://ajira.go.tz.usaili-leo.mfano/fomu

Ruka https:// ya mwanzo. Tafuta alama ya mkwaju ( / ) ya kwanza inayofuata. Simama hapo, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Neno la kwanza unalokutana nalo ni "mfano", la pili ni "usaili-leo". Hao ndio wenye tovuti: usaili-leo.mfano. Ile "ajira.go.tz" iliyotangulia ni pambo. Mtu anaweza kupaka jina lolote ubavuni mwa mtumbwi wake. Mwenye mtumbwi atajulikana kwenye usajili tu.

Linganisha na anwani ya kweli ya Sekretarieti ya Ajira: portal.ajira.go.tz. Kabla ya mkwaju wa kwanza, ukirudi kushoto unapata tz, kisha go, kisha ajira. Kwa anwani za Tanzania zenye sehemu mbili mwishoni, mwenye tovuti ni neno linalotangulia hizo mbili. Miisho hiyo ina maana: .go.tz ni ya taasisi za serikali, .ac.tz ya vyuo, .sc.tz ya shule, .co.tz ya biashara, .or.tz ya asasi. Muisho wa .go.tz hauuzwi kwa kila ajaye, ndiyo maana tapeli huubandika katikati au huuandika kwa vistari, kama ajira-go-tz.mfano. Nukta na kistari si kitu kimoja. Kistari hakitenganishi chochote. Hilo lote ni jina moja la mtu mmoja.

Mama mmoja wa Mwaloni, pale Kirumba, anayepakia dagaa kwenda mikoani, alimwonesha kijana wa duka la jirani meseji ya "ruzuku kwa wafanyabiashara wa samaki".

"Mwanangu, hii si imeandikwa go.tz hapa?"

"Imeandikwa, mama. Sogeza chini kidogo, uone inapoishia."

Anwani ilikuwa ndefu ya mistari mitatu. Kioo cha simu kilikuwa na ufa, jua limeshapanda, na jicho lilikuwa linasoma mstari wa kwanza tu. Mkwaju wa kwanza ulikuwa mwanzoni mwa mstari wa tatu, na neno lililokuwa nyuma yake halikuhusiana na serikali yoyote. Anwani ndefu namna hiyo hutengenezwa makusudi kwa ajili ya vioo vidogo.

Vyanzo vingine vya kusita, kwa kufuata wingi wake:

Herufi zilizobadilishwa. Sifuri badala ya o, moja badala ya l, "rn" ambazo kwa haraka husomeka "m". Nakili anwani, iandike kwa herufi kubwa zote, nyingi zitajifichua. Zipo hata herufi za alfabeti nyingine zinazofanana kabisa na zetu. Kivinjari kikizigundua, anwani hugeuka na kuanza na xn--. Ukiona hivyo kwenye linki inayojidai ya benki ya hapa nchini, achana nayo.

Alama ya @ katikati ya anwani, mfano https://ajira.go.tz@usaili-leo.mfano. Kivinjari hupuuza kilicho kabla ya @ na kwenda kwa kilicho baada yake.

Tovuti ya bure. Hapa kanuni ya mkwaju ina upungufu, na ni vizuri uujue. Anwani inayoanzia docs.google.com ni ya Google kweli, lakini fomu iliyomo imetengenezwa na yeyote mwenye akaunti. Hivyo hivyo anwani zinazoishia na blogspot.com au web.app: nyumba ni ya kampuni kubwa, chumba ni cha mpangaji usiyemjua. Wanafunzi wa chuo pale Malimbe hupokea fomu za namna hii kila msimu wa mikopo. Bodi ya Mikopo hutumia heslb.go.tz, haihitaji kuazima fomu ya bure kukuomba namba ya akaunti.

Kuhusu alama ya kufuli na neno https: hazithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Zinaeleza tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefungwa, hata kama upande wa pili yuko mwizi. Vyeti hivyo vinapatikana bure kwa dakika chache. Google waliiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu wengi walikuwa wakiielewa vibaya.

"Linki ni fupi, haioneshi inakokwenda"

Mara nyingi ni mtu anayepunguza urefu wa anwani tu. Mara chache zaidi ni mtu anayeficha. Hutaweza kuwatofautisha kwa macho, kwa hiyo ifungue kwa pembeni: kwa linki ya bit.ly ongeza alama ya + mwishoni, itakuonesha anwani ndefu bila kukupeleka. Kwa tinyurl.com, tanguliza preview. mbele ya jina, isomeke preview.tinyurl.com na yanayofuata.

Kama bado una shaka, au linki inaruka kutoka tovuti moja kwenda nyingine, ibandike kwenye virustotal.com. Huduma hiyo ni ya bure na huilinganisha anwani na orodha za makumi ya kampuni za usalama. urlscan.io nayo hufungua ukurasa kwa niaba yako na kukuletea picha yake. Soma majibu kwa akili. Wakikataa wengi, ni hatari. Wakinyamaza wote, haimaanishi ni salama, kwa sababu ukurasa wa utapeli uliozaliwa asubuhi unaweza kuwa haujafika kwenye orodha ya mtu yeyote. Na usibandike huko linki ya kubadili nywila yako au yenye nyaraka zako binafsi, kwani matokeo huweza kuonwa na wengine.

Msimbo wa mraba wa QR ni linki ile ile iliyovaa sura nyingine. Dukani, hatari ya kawaida ni stika iliyobandikwa juu ya stika. Ukiskani TANQR, yaani msimbo wa kulipia dukani, kabla ya namba ya siri litatokea jina la mpokeaji: lisome kwa sauti, muuzaji akubali.

"Ukurasa unaniomba namba ya siri, NIDA au namba iliyoingia kwa meseji"

Simama. Hapa sioni haja ya kupanga vyanzo vingi: karibu kila mara ni wizi. Namba ya siri ya fedha za simu huandikwa mahali pawili tu, kwenye menyu uliyoipiga mwenyewe (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, na ya mtandao wako) au kwenye programu rasmi uliyoipakua kutoka duka la programu. Haiandikwi kwenye ukurasa uliofunguka kwa linki.

Kinachobaki ni wewe kutojua kama ujumbe wenyewe una ukweli: labda kweli akaunti ina tatizo, labda kweli umeitwa usaili. Basi usipite njia waliyokuchorea. Piga menyu mwenyewe, andika anwani ya taasisi kwa mkono wako, au piga 100 huduma kwa wateja ya mtandao wako. Kama jambo lipo, utalikuta huko. Njia hii inafanya kazi hata kwa mtu asiyeweza kusoma anwani, na ndiyo ninayopenda mzee yeyote afundishwe kabla ya nyingine zote.

"Linki inataka nipakue programu"

Chanzo cha kwanza siku hizi ni mikopo ya haraka. Programu inaletwa kwa faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu kwenye Android, kupitia WhatsApp au tovuti, nje ya Play Store, kisha inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Ukichelewa kulipa, au hata usipochelewa, majina hayo ndiyo yanayopigiwa na kutukaniwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na tovuti 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Kwa hiyo cheki kwanza ni kuuliza leseni. Uzuri wa programu hauthibitishi chochote.

Chanzo cha pili ni programu ya wizi iliyovaa jina la kawaida: "mwaliko wa harusi", "risiti ya mzigo", "kadi ya mchango". Mwaliko wa kweli huja kama picha au PDF. Faili linaloishia na .apk ni programu, na hakuna harusi inayohitaji kusakinishwa.

Kama umeshasakinisha: washa hali ya ndegeni. Nenda Mipangilio, kisha Programu, uitafute. Ikiwa kitufe cha kuondoa kimefifia, imejipa mamlaka. Ziondolee kwanza ruhusa za msimamizi wa kifaa na zile za menyu ya Ufikivu, ambayo kwa simu za Kiingereza imeandikwa Accessibility. Ikikataa tena, washa simu katika hali salama (kwa simu nyingi za Android, shikilia kitufe cha kuzimia, kisha shikilia maandishi ya kuzima hadi uulizwe) na uiondoe humo. Malizia kwa kuichunguza simu na Play Protect ndani ya Play Store.

Ikiwa haitoki hata katika hali salama, usiendelee kubahatisha. Toa laini, usiingie benki kwa simu hiyo, mpelekee fundi unayemwamini arudishe simu kwenye hali ya kiwandani mbele yako. Hifadhi picha na namba kwanza, na usimwachie laini wala namba ya siri.

"Imeandika simu yangu ina virusi"

Mara nyingi sana hakuna kirusi. Siku moja ulibonyeza "Ruhusu" kwenye tovuti fulani, na sasa inakutumia arifa kupitia Chrome. Ingia Mipangilio ya Chrome, Mipangilio ya tovuti, Arifa, uzime kila tovuti usiyoitambua. Arifa zikiendelea hata baada ya hapo, chanzo ni programu. Rudi sehemu iliyotangulia.

"Nimeshabonyeza"

Vuta pumzi, kisha jiulize: nilifanya nini baada ya kubonyeza?

Nilifungua tu, sikuandika kitu. Hatari ni ndogo kwa simu iliyosasishwa. Funga ukurasa, futa faili lolote lililojipakua, sasisha Chrome na simu yenyewe.

Niliandika nywila. Ibadilishe sasa kwa kifaa kingine, pamoja na kila mahali ulipotumia nywila hiyohiyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya ziada inayoulizwa baada ya nywila.

Niliandika namba ya siri ya fedha. Badilisha kwenye menyu ya mtandao wako, kisha piga 100 uombe akaunti isimamishwe. Ukikuta foleni, nenda dukani kwa kampuni na kitambulisho. Wakala wa mtaani hawezi kuizuia akaunti yako, usimpe namba mpya "akusaidie".

Nilitoa namba ya NIDA. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ipeleke kwa kampuni husika ifutwe. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, huenda laini imehamishwa. Azima simu upige 100 palepale.

"WhatsApp yangu inatuma linki yenyewe"

Chanzo cha kwanza: ulimpa mtu ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitishia WhatsApp, labda aliyejifanya kiongozi wa grupu. Sakinisha WhatsApp upya, jisajili kwa namba yako, namba mpya ya tarakimu sita itaingia kwako na mwizi atatolewa. Kama ameweka PIN yake ya hatua mbili, utasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN; wakati huo wapigie simu watu wako muwaonye.

Cha pili: kuna kompyuta au simu imeunganishwa. Fungua Vifaa vilivyounganishwa, uondoe usivyovijua.

Cha tatu, kisichojulikana na wengi: uliombwa kupiga msimbo unaoanza na *21* au **21* ukifuatwa na namba ya mtu. Huo huhamisha simu zako zote kwenda kwake, naye hupokea namba ya uthibitisho kwa sauti. Piga *#21# kuangalia, na ##002# kufuta uhamishaji wote.

"Hela imeshaondoka"

Hapa mafundi hatuna la kufanya, ni kazi ya wenye mamlaka. Piga 100 mara moja uombe muamala uzuiwe kabla haujatolewa. Dakika zina thamani. Usifute meseji wala linki, piga picha ya kioo ikionesha namba, muda na kumbukumbu ya muamala. Meseji ya tapeli iwasilishe bure kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu kesi kama hii, na kampuni ya simu itakuuliza RB hiyo ukitaka taarifa za muamala zifuatiliwe.

Siku chache baadaye huenda akakutafuta mtu anayesema ni "mtaalamu wa kurudisha pesa zilizoibwa mtandaoni", anaijua hasara yako na anaomba ada ndogo ya kuanzia. Usimlipe. Mara nyingi ni kundi lilelile lililokuibia, na linki atakayokutumia ianzie tena kwenye mkwaju wa kwanza.